Disketi Juu ya Jiko

Mimi si mtu wa kunyamaza, na yeyote aliyewahi kuuza au kununua kitu Kapkatet atakuambia hivyo. Mama alikuwa akisema kwamba siku ya kuzaliwa kwangu nilianza kulia kabla hata ya kumaliza kutoka, wakunga wakacheka wakasema huyu amekuja na kesi. Ni kweli. Damu yangu hupanda haraka na mdomo hauna breki. Lakini kuna neno moja nililomeza maishani, moja tu, na mpaka leo halijashuka tumboni.

Mdogo wangu, yule aliyenifuata ziwa, alikuwa mtu wa kukusanya kompyuta zilizokufa. Miaka ile ya tisini ofisi za mashamba makubwa ya chai zilikuwa zimeanza kutupa mashine zao za kwanza, zile za maandishi ya kijani, nzito kama jiwe la kusagia. Wengine wakisikia mnada wanauliza kuna ng'ombe wa maziwa wangapi. Yeye anauliza kama kuna kibodi. Siku moja alienda mpaka Kedowa kwa sababu mtu alimwambia ofisi fulani ina mashine wanaifanyia meza ya chai. Mvua ikamnyeshea njia yote ya kurudi. Aliifunga ile mashine kwa ile plastiki ambayo mama huvaa kiunoni akichuna majani, yeye mwenyewe akaja amelowa chapachapa, anatetemeka, anacheka.

"Wenzako wanaleta ng'ombe," mama alimwambia. "Wewe unaniletea masanduku maiti."

"Nitayafufua, mama."

"Anza na shati lako. Lete likauke."

Na kwa kweli aliyafufua. Tulikuwa na kibanda pale senta, ukuta mmoja na fundi wa redio, mtu wa kutoka Nyeri aliyehamia kwetu kitambo na kujua Kipsigis kuliko vijana wetu wengine. Mimi nilikuwa nimesomea kupiga chapa. Tulichapa kadi za harambee, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi. Mdogo wangu alikaa nyuma na bisibisi yake, anatoa moyo wa hii anaweka kwa ile, na kutoka kwa mashine tatu zilizokufa unapata moja inayopumua. Alinifundisha pia, nikitaka nisitake. "Shika hapa. Usiguse pale, patakupiga." Nilimtukana sana lakini nilishika.

Alikuwa na tabia moja. Kwetu ng'ombe akiinamisha kichwa mtoni, mchungaji humpigia mluzi wa chini, mrefu, taratibu, ndio anywe ashibe. Mtoto wa kwetu anaujua mluzi huo kabla ya kujua kuhesabu. Sasa zile kompyuta zilichukua muda mrefu kuamka. Unawasha, inanguruma, inafikiria, inanguruma tena. Basi yeye alikuwa anaipigia mluzi. Anaegemea ukuta, mikono mfukoni, anainywesha mashine maji. Wateja walidhani ana kichaa kidogo, na mimi sikuwabishia.

Kisha akapata kadi ya sauti. Meneja mmoja wa shamba alikuwa anahama na familia yake, akauza vitu vya nyumbani, na ndani ya kompyuta ya watoto mlikuwa na hiyo kadi, kipande cha kijani kinachotoshea kiganjani. Mdogo wangu alikishika kama yai. Akaazima maikrofoni kwa fundi wa redio, akaunga waya kwa waya, na siku aliyoijaribu mimi sikuwa dukani. Ilikuwa siku ya gari la kukusanya majani ya chai, nilikuwa shambani nachuna na kupeleka. Mama ndiye aliyempitia na thamosi ya chai akipeleka maziwa sokoni.

Jioni tulipokuwa tunakula alikuwa hakai chini kwa furaha. "Leo nimemshika mama nikamfungia ndani ya kompyuta!"

"Mwongo huyu," mama akasema, lakini aliona haya, akafunika mdomo kwa leso. "Aliniwekea kijiti mbele ya mdomo kama daktari wa meno."

Akatoa disketi mfukoni, nyeusi, ya plastiki ngumu, na juu yake kibandiko alichoandika kwa kalamu nyekundu: MAMA. Tukaizungusha mezani, kila mtu akaishika. Baba yetu alikuwa amekufa zamani, kwa hivyo kila mtu maana yake ni sisi watatu.

Mwaka uliofuata mvua ndefu zilikuja na malaria. Sisi watu wa baridi hatuna kinga ya ugonjwa ule, ukipanda milima kwetu unatufyeka. Alianza na kichwa. Tukasema ni ile skrini, unaitazama sana. Kisha homa, kisha akawa anaongea na watu tusiowaona, anataja sehemu za mashine, anauliza nani amechukua bisibisi. Alifia hospitalini alfajiri, mvua ikipiga mabati. Ratiba ya mazishi yake niliichapa mimi, kwa mashine aliyoibeba kutoka Kedowa, na herufi N ilikuwa inakwama kwa hivyo kila nilipofika kwenye jina lake ilibidi nibonyeze kwa nguvu. Nilibonyeza mpaka fundi wa redio akaja akanishika bega akasema, "Dada, inatosha, imeingia."

Kwa hasira nilifunga kona yake ya nyuma na mlango wa mabati. Sikutaka mtu aguse. Mama alichukua nguo zake, viatu, ile disketi, akaenda navyo nyumbani.

Chai ilichunwa, ikachipua, ikachunwa. Siku moja mchana, tunamenya viazi jikoni, mama akaniuliza bila kuniangalia, "Ile sauti bado iko ndani ya kile kitu?"

"Iko, mama. Sauti itaenda wapi?"

Akamenya kiazi chote kabla ya kusema tena. "Nataka kumsikia mdogo wako. Siku ile naye aliongea. Uso wake naona. Nikilala naona mpaka lile kovu la nyusi. Lakini sauti imeanza kunipotea. Nikiitafuta inakuja ya baba yake."

Nilisema sawa, nitafanya. Ningesema nini kingine? Nikamwambia lete disketi basi. Akafuta mikono, akavuta kigoda, akapanda, akanyoosha mkono juu kwenye tabut.

Asiyejua nyumba za kwetu nimweleze. Tabut ni dari la fito juu ya jiko. Moto wa chini hauzimiki, na moshi unapanda pale siku zote, kwa hivyo hakuna mdudu anayethubutu kuingia. Hapo ndipo mahindi ya mbegu hukaa, yale uliyoyachagua moja moja kwa ajili ya mwaka kesho. Chakula cha leo unaweza kukiweka popote. Lakini kitu ambacho kikiharibika nyumba imekwisha, hicho unakipandisha tabut, moshi ukilinde. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha, na mama wa mama yake.

Akashuka na furushi la kitambaa cha kanisani, limekuwa rangi ya kahawa. Akalifungua polepole. "Nilimweka na mbegu," akaniambia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliona amejivunia kitu. "Hakuna mdudu aliyemgusa. Nimekuwekea mahali pazuri, si ndiyo?"

Nikaishika. Plastiki ilikuwa imejikunja pembeni. Kibandiko kilikuwa kimeungua rangi, MAMA yenyewe imebaki alama tu. Niliponusa, ilikuwa moshi mtupu.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi hiyo methali nilikuwa nikiisikia kanisani nacheka. Siku ile niliuma ulimi mpaka nikaonja chumvi. Nikasema, "Ndiyo, mama. Mahali pazuri kabisa."

Nilifungua ule mlango wa mabati. Panya walikuwa wamefanya maskani ndani ya ile mashine yenye kadi ya sauti, wametafuna waya, wamezaa. Niliwafukuza kwa matusi ambayo siwezi kuandika hapa. Nikaanza kufanya vile alivyonifundisha: toa moyo wa hii, weka kwa ile. Mashine ya Kedowa ikatoa kisanduku chake cha umeme. Nyingine aliyoitoa Chepseon ikatoa draivu, ile sehemu inayomeza disketi na kuisoma. Fundi wa redio akanilehemea waya zilizokatika. Nilikuwa nikifungua mashine nakuta alama zake, kipande cha kanda alichofungia, fundo lake la waya lenye mikia miwili, na kila mara ilinibidi nitoke nje nisimame kidogo barabarani.

Disketi yenyewe ilikataa kuingia. Nikaipasua ganda kwa wembe. Ndani mna kitu kama karatasi ya duara, nyembamba, ya kahawia, na hapo ndipo sauti inapokaa. Ilikuwa imepakwa masizi ya mafuta, yale yale yanayoshika sufuria.

Fundi akachungulia juu ya bega langu. "Ngai! Hii mlichomea nyama?"

Nilimgeukia nikamwambia aende akachome redio zake na mama yake mzazi. Akaenda. Baada ya muda akarudi na pamba safi na chupa ya spiriti kutoka duka la dawa, akaviweka mezani. Alikuwa mtu mzuri yule.

Nikawa napangusa. Unalowesha pamba, unapitisha polepole ukifuata mviringo, usikwaruze, unatupa pamba, unachukua nyingine. Kila pamba ilitoka nyeusi. Meza ilikuwa imejaa vijipamba vyeusi wakati mama alipoingia, debe la maziwa mkononi. Sikumsikia.

"Hiyo ni nini?"

"Vumbi tu, mama."

Akaokota pamba moja, akaisugua katikati ya vidole, akaipeleka puani. Mama ameosha vibuyu na sufuria maisha yake yote. "Vumbi gani iko nyeusi hivi?"

"Ya barabara. Hapa magari yanapita sana."

Aliirudisha ile pamba mezani, akaisogeza kwa wenzake kwa kidole. Akanimiminia maziwa, akaniambia ninywe yakiwa moto, akaondoka. Mimi nikapumua. Nikajiona nimemvusha mto mzima bila kulowa.

Nikavisha ile karatasi ganda la disketi mpya, nikaiingiza. Draivu ikaanza kulia, krrr, krrr, kama mtu anayejaribu kukohoa kitu kisichotoka. Mdogo wangu aliacha programu moja ndogo ya kusoma disketi mbovu. Inasoma kipande kwa kipande, ikishindwa inarudia, ikishindwa kabisa inaacha pengo pale na kwenda mbele. Masizi yaliyobaki yalikuwa yanachafua kichwa cha draivu, kwa hivyo nazima, nafungua, napangusa, nawasha tena. Nikisubiri iamke nilijikuta napiga ule mluzi. Sijui kupiga mluzi vizuri, wasichana wa kwetu hawafundishwi, lakini nilipiga. Draivu ya Chepseon ikafa mikononi mwangu. Nikaweka nyingine. Kamba hukatika pabovu, na pabovu palikuwa pengi. Palipokuwa pamejikunja kwa joto hapakusomeka kabisa, hata nifanye nini.

Mwisho nikapata kilichopatikana. Nilifunga mlango wa duka mchana jua likiwaka, wateja wakiwa nje, nikasikiliza peke yangu. Kisha nikakaa sakafuni nikalia mpaka fundi akagonga ukuta kuuliza kama niko hai.

Nyumbani hakukuwa na umeme, kwa hivyo nilihamisha ile sauti kwenye kaseti. Fundi akaniazima redio yake nzuri na mawe mapya ya betri. Mama alikuwa jikoni. Nilimwambia aketi. Akavua leso kichwani akaifunga upya, kama anayejiandaa kupokea mgeni, akaketi kwenye kigoda chake, chini ya tabut. Nikabonyeza.

Kwanza mchakacho, shhh, kama mvua ya mbali. Kisha mama mwenyewe, kwa lugha yetu, karibu kabisa, sauti ya mtu anayeharakisha: "Wacha hiyo. Kunywa chai kwanza, inapoa. Niseme nini kwa kijiti? Mimi nina maziwa jua linayachoma." Na chini ya maneno yake, mbali, upande wa pili wa chumba, mluzi. Mrefu, wa chini, taratibu.

Mama akainua mkono. "Ananywesha," akasema. "Nyamaza. Ananywesha ng'ombe."

Mimi hata sikuwa nimesema kitu.

Mluzi ukakatika. Hapo akaongea, najua aliongea, lakini hapo ndipo palipojikunja. Krrr. Kimya. Krrr. Sauti ya kitu kama neno lililotafunwa. Kimya tena, kirefu. Na mara, kutoka katikati ya kile kimya, mama anacheka. Anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi, cha tumbo, cha mtu aliyeshikwa asipotarajia, anasema, "Wewe, Mungu akuone!" Basi. Mwisho.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Akainama sikio likagusa redio. Maziwa ya chai yakafurika motoni, hakuna aliyeinuka.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Alisema nini hapo? Hapo kabla sijacheka."

"Haikutoka, mama. Hapo pameharibika."

"Alisema kitu. Ona vile nacheka." Akafumba macho, akajitahidi, uso wote ukajikunja. "Aki sikumbuki. Alisema nini hadi nikacheka namna hiyo? Na wewe hukuwako?"

"Nilikuwa kwa majani, mama."

"Ehe. Siku ya gari." Akatikisa kichwa. "Rudisha tena."

Mluzi, krrr, kimya, kicheko. Tulirudisha mpaka mawe yakaanza kuchoka na sauti yake ikawa nzito kama ya mwanamume. Ndipo akaniuliza, kwa upole, "Ni nini kiliiharibu?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Ni uzee tu. Hizi vitu hazikai. Hata ningeweka dukani kwa kabati, ingekufa hivyo hivyo."

"Kumbe," mama akasema. Akaangalia juu kwenye fito, mara moja tu, kisha akachukua kijiko akaanza kukoroga kile kilichobaki kwenye sufuria. Akanishukuru. "Kongoi," akasema, vile unavyomshukuru mtu wa nje aliyekutendea wema.

Mvua za kupanda zilipokaribia nilikuja nyumbani kumsaidia. Nilikuta gunia la mbegu sebuleni, chini, kwenye sakafu kando ya kiti cha wageni. Nikaingiza mkono, ukatoka na unga. Wadudu walikuwa wanatembea kwenye kitambaa cha meza. Kila punje niliyoshika ilikuwa na tundu. Nikaenda jikoni nikatazama juu. Tabut ilikuwa tupu, imefagiliwa, fito zinaonekana moja moja.

Damu ikanipanda, mnanijua. "Mama! Umefanya nini? Tutapanda nini sasa? Tangu lini mtu akaweka mbegu sakafuni?"

Alikuwa mlangoni na jembe. Hakunikemea. "Huko juu siweki kitu tena," akasema. "Hawa wadudu wakila, angalau ni wadudu."

Nikaelewa, na bado nikaendelea kujifanya sielewi. Nikamshika mkono, nikamwambia kwa haraka, maneno yanapandana, kwamba moshi hauhusiki, kwamba nilishamwambia ni uzee, kwamba yale niliyokuwa napangusa siku ile dukani yalikuwa vumbi, vumbi tu la barabara.

Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akauweka mkono wake mwingine juu ya wangu, akaupigapiga kidogo, vile alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo nikidanganya kwamba sikuanguka.

"Barabara yetu ni nyekundu," akasema.

Kisha akachuchumaa kando ya gunia, akaanza kuchambua zile punje zilizobaki nzima, na mimi nikachuchumaa upande wa pili.